Jibu: Kupunguza tumbo la farasi kibete kabla ya maonyesho

Ndugu, umeuliza kama umnyime nyasi farasi jike wako ili tumbo lipungue kabla ya maonyesho. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu farasi kibete anayeshinda na njaa huyeyusha mafuta ya mwilini kwa kasi mno, damu ikajaa mafuta hayo na ini likashindwa kazi, hali inayoweza kumuua. Mwenye uzito wa kilo 100 apewe takriban kilo 1.5 za nyasi kavu kwa siku, zigawanywe mara tatu au nne, pamoja na chumvi, madini na lusini kidogo (majani ya malisho yenye protini nyingi) kwa ajili ya misuli. Kinachokaza tumbo ni mazoezi yanayoongezwa polepole wiki hadi wiki. Ili kujua kama amenenepa au amekonda, mbavu zipapase kwa mkono, maana manyoya ya msimu wa baridi (mazito kama ya kondoo!) hudanganya macho.