Someni uwanja kabla ya kutandika mkeka: kwa mnaoanza kubeti besiboli

Wanangu, msimu huanza mwisho wa Machi, na kila mwaka ni yale yale. Denver wakicheza nyumbani, kijana anafika barazani na mkeka (tiketi moja ya dau kadhaa) wa homurani tano, yaani mipira mitano ya kupigwa ikavuka ukuta, eti uwanja uko juu na mpira utaruka. Utaruka, ndiyo. Lakini mkeka unachanika, na wiki inayofuata anautandika ule ule. Kaeni basi, kahawa iko, tuyapitie moja moja.

1. Hakuna uwanja "mzuri kwa kupiga" na basi. Uliza: mzuri kwa hiti (pigo linalomfikisha mpigaji besi salama, besi zikiwa vituo anavyokimbilia) ya aina gani, na kwa mpigaji wa mkono upi?

Coors Field ya Denver iko karibu mita 1,580 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali, na mipira ya kupinda haipindi sawasawa, kwa hiyo straikiauti (mrushaji kumtoa mpigaji kwa straiki tatu) hupungua. Waliojenga walilijua hilo, wakazisogeza kuta nyuma: futi 390 kushoto-kati, futi 415 katikati. Tangu 2002 mipira huwekwa kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 50 isikauke ikaruka kupita kiasi. Sasa walinzi watatu wa nje wana shamba zima la kulinda, na mipira inaanguka katikati yao: singo, dabo, tripo, yaani hiti za besi moja, mbili na tatu. Kwa hiyo Denver anza na propu (dau juu ya namba za mchezaji mmoja) za hiti na za jumla ya besi anazopata mpigaji kwa hiti zake, kisha straikiauti za mrushaji upande wa chini, yaani zisifike idadi iliyowekwa. Homurani itazame mwisho.

Fenway Park ya Boston ina ukuta wa kushoto wa futi 37, na uko karibu, futi 310 tu. Mpira wa chini na wa kasi ambao kwingine ungevuka unaugonga na kurudi. Mpira mlegevu wa juu ambao kwingine ungedakwa nao unaugusa. Yote miwili inaishia dabo. Yankee Stadium, kulia ni futi 314, neema kwa wapigaji wa kushoto. Kijana akiona Oracle Park ya San Francisco ina futi 309 kulia, anawakimbilia wa kushoto vilevile. Hajauona ukuta wa futi 24 juu ya hizo 309, wala futi 415 kulia-kati, wala baridi ya ghuba.

2. Upepo. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapozama.

Utabiri wa Chicago unasema upepo wa kusini-magharibi, kilomita 25 kwa saa. Kijana anashika ramani, anaona kusini-magharibi ndiko aliko mpigaji wa Wrigley Field, anakata shauri kwamba upepo unarudisha mipira ndani. Anachagua chini kwa kila kitu: jumla ya besi, homurani, mikimbio (pointi za mchezo). Mtoto wa pwani huyo! Kusi inatoka kusini, kaskazi inatoka kaskazini. Hakuna nahodha Mombasa aliyewahi kudhani kusi inaelekea kusini. Utabiri wa Marekani hutaja upepo vivyo hivyo, kwa unakotoka. Pale Wrigley mpigaji yuko pembe ya kusini-magharibi na ukuta wa katikati uko kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo ule unampiga mgongoni na kuusukuma mpira nje. Ukitoka mashariki au kaskazini-mashariki unatoka ziwani Michigan, mara nyingi baridi, na mipira ya juu inafia mikononi mwa walinzi. Uwanja ni ule ule, mechi ni mbili tofauti kabisa.

Na ukubwa wake si mdogo. Upepo wa kilomita 8 tu kwa saa kuelekea nje unaongeza kama mita 5 na nusu kwa mpira wa mita 120. Mlinzi aliyekuwa ameuegemea ukuta anautazama ukipita.

Kosa hili lina pacha wake. Mechi ya Wrigley ya saa saba na dakika 20 mchana kwao ni saa 3:20 usiku kwetu. Kijana anaona giza la mtaani kwetu Majengo, anasoma utabiri wa usiku wa Chicago. Soma wa saa ya mechi, kwa saa ya kule.

Fanya hivi: chora mstari kutoka kwa mpigaji hadi ukuta wa katikati, weka mshale wa upepo kuanzia unakotoka. Upepo ukikata uwanja kwa ubavu, uhesabu sifuri. Ukiwa mdogo, uache, kwani kipimo ni cha uwanja wa ndege na majukwaa ya uwanja wa mechi huukinga. Kisha usijaze mkeka mzima kwa upepo mmoja. Mistari mitano ya mkeka inayotegemea upepo ule ule ni kosa moja ukiukosea, na yote mitano inakufa pamoja.

3. Unyevu. Tunaoshinda tukitoka jasho tunaamini hewa yenye unyevu ni nzito. Sivyo: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na tofauti ni ndogo, iache. Joto ndilo la kutazama. Likipanda nyuzi 5 na nusu za Selsiasi, mpira wa mbali unaongeza kama mita moja.

4. Usihesabu uwanja mara mbili. Mpigaji wa Denver hucheza mechi 81 kati ya 162 nyumbani, kwa hiyo wastani wake wa msimu umeshakula hewa ile. Ukiuongezea "za Coors" unajidanganya, na mwenye odi (kampuni ya kubeti inayopanga malipo) naye ameshaziweka. Umtakaye ni mgeni anayeingia Denver.

5. Mgeni ana mwanya mwingine: atapiga iningi (zamu za timu) zote 9, ilhali wenyeji wakiongoza hawapigi ya mwisho. Ngoja orodha ya wapigaji itoke. Mpigaji wa kwanza hupata nafasi nyingi za kupiga kuliko wa tisa. Odi ya 1.85 inataka uhakika wa asilimia 54, si "nahisi". Dau lisiwe la kodi ya nyumba. Na viwanja vyenye paa la kufunga, kama wa Houston, uliza kwanza kama paa limefungwa. Likifungwa, futa hesabu yote ya upepo.