Namba E si mwaka wa gari

Si kweli, kaka, kwamba gari lenye namba E limetengenezwa juzijuzi. Herufi E kwenye pleti inaonyesha tu gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Gari la 2008 likishuka bandarini leo linapewa namba za leo, halafu mwenye yadi hapa Mtwara anakuuzia "namba mpya" kwa bei ya juu. Mwaka wa kutengenezwa soma kwenye kadi ya usajili wa gari, kisha linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Ikipishana hata moja, usitoe hela.

Niko gereji Ligula, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Magari mengi ya Japani yana lebo pale chini yenye mwaka. Ila mkanda hubadilishwa, kwa hiyo usiishie hapo. Kilometa za dashibodi ndio usizitegemee kabisa, zinarudishwa nyuma kirahisi. Hata tairi zinasema zilitengenezwa lini: 2319 ubavuni maana yake wiki ya 23, mwaka 2019.

Kwa pwani yetu hii lala chini uangalie fremu na mabomba ya breki, chumvi inakula kimyakimya wakati juu rangi inang'aa.

Deni la faini za trafiki nalo liangalie kwa namba ya gari kabla hujalipa. Na jina kwenye kadi likiwa si la muuzaji, mwambie amlete mwenyewe muende wote TRA, Mamlaka ya Mapato.