Seva kwenye SAN kwa kebo moja: inafanya kazi, ila…

Kaka, umeuliza kama seva zako za Linux zinaweza kutumia SAN (mtandao maalumu unaounganisha seva na mtambo wa diski za pamoja) kwa kebo moja moja ya faiba. Zinaweza, na kasi kwa kawaida haitakuwa tatizo. Tatizo ni kwamba ikifa kebo, swichi, kadi ya faiba ya seva au kontrola (kompyuta inayoendesha mtambo wa diski) ya upande huo, seva inapoteza diski. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, mara nyingi hujigeuza kuwa ya kusoma tu, na hifadhidata inaanguka. Tena si ajali pekee. Mitambo mingi ya diski yenye kontrola mbili husasishwa kwa kuwasha upya kontrola moja, halafu nyingine. Wenye njia mbili hawana habari. Wewe utaomba ruhusa ya kuzima huduma, usiku wa manane.

Kebo ya pili ipite swichi nyingine na iishie kontrola nyingine. Zote mbili kwenye swichi ileile ni kinga nusunusu. Hapo LUN (diski ambayo SAN inaipa seva) ileile itaonekana mara mbili, tuseme sdb na sdc. Usizitumie moja kwa moja! Washa multipath, huduma ya Linux inayounganisha njia zote kuwa diski moja (kwenye Red Hat ni mpathconf --enable --with_multipathd y), tumia /dev/mapper/mpatha, kagua kwa multipath -ll. Kisha chomoa kebo moja huku data ya majaribio ikiandikwa.

Kama bajeti ya sasa ni ya kebo moja tu, washa multipath hivyo hivyo, ila weka find_multipaths no kwenye /etc/multipath.conf, maana kwenye Red Hat, bila hivyo, LUN yenye njia moja kwa kawaida haiundiwi mpatha. Siku ukiongeza ya pili hutagusa fstab (faili yenye orodha ya diski ambazo seva hupachika ikiwaka).