Uvimbe wa Mbwa Usitupwe Shimoni

Hapa Unguja na Pemba mbwa hufugwa kwa kazi. Wasasi wanao wa kusakia nguruwe mwitu, wenye mashamba na hoteli wanao wa ulinzi. Mbwa akiota uvimbe, huachwa mpaka afe, au uvimbe hukatwa ukatupwa shimoni. Ushauri wetu ni kwamba uvimbe upimwe, uandikwe, na mbwa atibiwe. Anayefaidika kwanza ni mbwa mwenyewe. Anayefuata ni mgonjwa wa saratani aliyevushwa bahari kwenda kutibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hili la pili ndilo watu wengi hawajalielewa.

Panya wa maabara mara nyingi hupandikizwa saratani, tena baada ya kuzalishwa bila kinga ya mwili. Mbwa wa nyumbani haipandikizwi. Humtokea yenyewe akiwa na kinga yake kamili, na amevuta moshi wa jiko lilelile na kunywa maji ya kisima kilekile na wenyewe. Saratani ya mifupa ya mbwa wakubwa inafanana sana na ile inayowapata vijana wetu wa umri wa skuli: huanza kwenye mfupa mrefu wa mguu au mkono, kisha hukimbilia mapafu. Kwa vijana ni nadra, kwa mbwa ni nyingi, na kwa mbwa mwendo wake huhesabiwa kwa miezi. Kwa hiyo swali ambalo kwa binadamu lingengoja miaka kumi, kwa mbwa hujibiwa mapema zaidi.

Majibu yamekwishapatikana. Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, kiliboresha kwa mbwa upasuaji wa kuondoa mfupa wenye saratani bila kukata mguu mzima, na ujuzi huo ukawafaa watoto. Mifamurtidi, dawa ya kuamsha kinga, ilijaribiwa kwa mbwa kabla ya Ulaya kuiidhinisha mwaka 2009 kwa vijana wenye saratani ya mifupa. Na jibu la "hapana" lina thamani vilevile. Mbwa zaidi ya 300 walishiriki katika jaribio la kuongeza dawa iitwayo rapamisini baada ya matibabu ya kawaida, na haikuongeza kitu. Hayo ni maumivu na gharama ambazo watoto wameepushwa.

Visiwani kwetu uvimbe wa kuuangalia kwa makini ni ule unaoambukizana kwa kupandana. Seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, na popote duniani unapoonekana, chanzo chake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Binadamu haumpati. Dalili yake ni damu inayodondoka sehemu za siri. Kwa jike watu hudhani yuko kwenye joto, lakini damu ya joto hukoma baada ya wiki mbili tatu na hii haikomi. Ukitazama utaona kitu chekundu, laini, chenye vichwa vichwa kama koliflawa, kinachotoka damu kikiguswa tu. Wengine hutokwa nacho puani, kwa sababu mbwa hunusa na kulamba.

Kuutambua hakuhitaji mashine kubwa. Mbwa afungwe mdomo na ashikwe na mtu aliyemzoea, na wote wavae glavu. Futa damu kwa shashi, kisha ubonyeze kioo cha darubini juu ya uvimbe mara moja tu, bila kukiburura. Ukikiburura seli hupasuka na hakuna kitakachosomeka. Kiache kikauke kwa hewa, kitiwe methanoli, halafu Gimsa, rangi ileile ya kusomea malaria. Msomaji atafute seli za duara zenye vipovu vidogo vyeupe vilivyojipanga.

Uvimbe mwingine wowote hukatwa kipande na daktari wa mifugo. Kisizidi unene wa sentimita 1, maana fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhia nyama isioze, haifiki ndani ya pande nene na katikati huoza. Tumia fomalini ya asilimia 10, sehemu 10 kwa sehemu 1 ya nyama. Chupa iwe na mdomo mpana: nyama huingia laini, ikishakuwa ngumu haitoki tena. Usiigandishe kwenye friza, barafu hupasua seli. Andika kwa penseli, kwenye lebo ya ubavu wa chupa na si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kosa linalojirudia ni kupakia vioo na chupa ya fomalini ndani ya boksi moja la kupanda boti. Mvuke wa fomalini huharibu vioo, na vikifika maabara ya Dar es Salaam au Morogoro havishiki rangi.

Karatasi inayofuatana na chupa ni muhimu kama nyama yenyewe. Iwe na umri, jinsia, uzito, kama amehasiwa, uvimbe uko wapi, una sentimita ngapi kwa rula, ulionekana lini, na mbwa anaishi shehia gani. Andika pia dawa zinazopigwa shambani na kuni au mkaa unaopikiwa. Marekani, maswali ya namna hiyo kwa wenye mbwa aina ya Scottish terrier ndiyo yaliyoonyesha uhusiano wa saratani ya kibofu na dawa za kuua magugu.

Uvimbe wa kuambukizana hutibika vizuri kwa vinkristini, dawa iliyotokana na mmea wa Madagaska na ambayo hospitalini huwatibu watoto wenye saratani ya damu. Daktari huipiga mshipani mara moja kwa wiki, miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, linalokadiriwa kwa uzito. Mbwa wa kilo 15 ana kama mita mraba 0.6, kwa hiyo hupata miligramu 0.3 hadi 0.4, sindano 4 hadi 6. Damu ipimwe kabla ya kila sindano, na seli nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita dawa ingoje. Ikivuja nje ya mshipa hula nyama, kwa hiyo njia ya dripu ijaribiwe kwanza kwa maji ya chumvi. Mkojo na kinyesi cha siku mbili za mwanzo baada ya kila sindano visishikwe bila glavu, na mjamzito asikaribie kabisa.

Wengi huharibu wiki ya tatu. Uvimbe umesinyaa, damu imekata, mwenye mbwa haji tena, na seli zilizobaki huota upya. Tunawaomba sana mmalize. Tunaomba pia mbwa akaguliwe mwezi wa tatu na wa sita baada ya sindano ya mwisho, apigwe picha rula ikiwa pembeni, na tarehe zipelekwe maabara ileile iliyosoma kioo. Zipelekwe hata kama hakuna kilichorudi. Na kama mbwa amekufa, andikeni amekufa lini.