Kompyuta haiifikii hifadhidata: majibu ya maswali yenu

Seva inajibu ping vizuri, lakini programu ya mauzo inasema haiwezi kuunganishwa na hifadhidata. Kosa liko wapi?

Ping imekuthibitishia kwamba mashine iko hewani, basi. Hifadhidata yenyewe haijaguswa, kwa sababu hiyo husikiliza kwenye poti yake, yaani mlango wake wenye namba: kwa kawaida 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL, 1433 kwa SQL Server. Jaribu poti. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3306`

Kwenye Linux ni `nc -vz 192.168.1.20 3306`. Weka anwani ya seva yako.

Halafu, tafadhali, tazama saa. Ukikataliwa papo hapo (Windows huonyesha namba 10061), ombi limefika kwenye seva ila hakuna kinachosikiliza kwenye poti hiyo: huduma imezimwa, au imewekwa poti nyingine. Mara chache faiawoli, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao, nayo hukataa hivyo. Lakini ukingoja mpaka muda ukaisha (10060), kuna kinachomeza ujumbe njiani, na mtuhumiwa wa kwanza ni faiawoli.

Niliwahi kumsaidia mtu aliyekwisha kusakinisha draiva (kiunganishi kati ya programu na hifadhidata) upya mara mbili. Tulibonyeza kitufe cha kuunganisha, nikahesabu: sekunde 21 za kimya, ndipo kosa likatokea. Kimya kile kilitosha kunielekeza kwenye faiawoli ya seva, na kweli poti 3306 ilikuwa imefungwa. Draiva haikuwa na hatia. Inaniuma kuona watu wakipoteza siku nzima kusakinisha vitu upya wakati kosa lenyewe limeshawaambia lilikokwama.

Nikiwa nimeketi kwenye seva naingia bila shida. Kutoka kompyuta nyingine nakataliwa mara moja.

Huenda hifadhidata yako inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe (jina lake ni `localhost`), hivyo haisikii kompyuta nyingine. Kwenye mipangilio ya MySQL angalia `bind-address`. Kwenye PostgreSQL ni `listen_addresses`, ambayo huja ikiwa `localhost`. Weka anwani ya seva ya mtandao wa ndani, kisha uwashe huduma upya, kwani bila hivyo badiliko halishiki. Kwa PostgreSQL kuna hatua ya pili ambayo wengi huisahau: ongeza kwenye faili la `pg_hba.conf` mstari unaoruhusu anwani za kompyuta zako.

Nawasihi, msiifungulie hifadhidata intaneti nzima ili tu mtu mmoja afanye kazi akiwa mbali. Mpitishieni kwenye VPN au handaki la SSH, njia zinazoficha mawasiliano kwa usimbaji.

MySQL inanikatalia na nenosiri nina hakika nalo. Nimelibadilisha mara tatu.

Liache nenosiri. MySQL humtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anakotoka, hivyo `'mauzo'@'localhost'` na `'mauzo'@'192.168.1.%'` (alama ya % ni namba yoyote) ni akaunti mbili tofauti, kila moja na nenosiri lake na ruhusa zake. Kosa namba 1130 maana yake kompyuta unayotumia hairuhusiwi kabisa. Namba 1045 maana yake jina, nenosiri au mahali unakotoka havikulingana na akaunti yoyote. Tazama zilizopo:

`SELECT user, host FROM mysql.user;`

Ukimkuta `mauzo` yuko `localhost` tu, muundie akaunti ya mtandao wenu, umpe ruhusa za jedwali anazozihitaji tu.

Asubuhi programu hufanya kazi. Nikiiacha saa moja na kurudi, muunganisho umekatika.

MySQL yenyewe, isipobadilishwa, humvumilia mtumiaji aliyekaa kimya kwa sekunde 28,800, sawa na saa nane. Kwa hiyo tazama katikati: ruta au faiawoli husahau miunganisho isiyopitisha kitu, na haimwarifu yeyote. Linux ina ishara za kuonyesha kwamba muunganisho bado uko hai, lakini ya kwanza hutumwa baada ya sekunde 7,200, na kwako hizo ni nyingi mno. Punguza `net.ipv4.tcp_keepalive_time` iwe 300, mradi programu yenyewe imewasha ishara hizo. Kama ni wewe unayeiandika, iambie ipime muunganisho kabla ya kuutumia.

ODBC imejaribiwa ikafaulu, lakini programu inasema haioni chanzo cha data.

ODBC ni njia ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata, na chanzo cha data ni mipangilio ya muunganisho huo. Programu yako huenda ni ya biti 32 na chanzo umekiweka upande wa biti 64. Fungua `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe` ukitengeneze upya humo. Majina ya folda yasikuchanganye: ya biti 64 ndiyo iliyo ndani ya System32.