Toa Gari Lako Mlangoni mwa Duka Lako

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Anataka kufungua duka la viatu hapa jijini Nakuru, chumba amepata, kodi anaimudu, ila mtaa wenyewe unatozwa pakingi. "Wateja hawatanikimbia?" Nilijaribu kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana swali hilo nililipia kwa mteja ambaye nikimkumbuka hadi leo moyo unaniuma.

Nauza mapazia, karibu na Kenyatta Avenue. Pazia halinunuliwi kama kitunguu. Mteja huja na vipimo vya madirisha kwenye kijikaratasi, hupapasa kitambaa, hukipeleka mlangoni akione kwenye mwanga wa jua, humpigia mumewe simu. Akimaliza ana mfuko mkubwa kama gunia la mkaa. Ndiyo maana wengi wa wateja wangu wa Njoro, Molo na Bahati huja na gari.

Basi mama mmoja wa Njoro alikuja kununua mapazia ya nyumba nzima. Alikuwa amezunguka mtaa mara tatu akitafuta nafasi, akaegesha mbali, na katika ile haraka akasahau kulipia. Tulipofika na mzigo, mimi nimekumbatia pazia la sebuleni, tukakuta klampu imeuma gurudumu la mbele. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Alilipa faini, akapakia mzigo wake, akaenda. Hajarudi.

Nilichukua karatasi nikaingia duka hadi duka kukusanya sahihi ili ada ifutwe kabisa. Nilikuwa na moto! Aliyenizima ni kijana wangu wa dukani. Aliniuliza kwa upole, "Mama, lile gari jeupe lililo mlangoni tangu asubuhi, si lako?"

Lilikuwa langu.

Kesho yake niliketi mlangoni na daftari kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Upande wetu una nafasi 11. Saba zilikaliwa na sisi wenye maduka na watu wetu, na hazikuachwa mchana kutwa. Huku kwetu ada hulipwa mara moja kwa siku, kwa hiyo anayesimama dakika kumi na anayeshinda hapo wanalipa sawasawa. Mwenye duka akishalipa anaona ana haki yake, na mama wa Njoro anaendelea kuzunguka.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili ni la zamani. Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa sababu waliofanya kazi mjini walijaza barabara kwa magari yao kutwa nzima na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Kumbe ada ilibuniwa kumfaa mwenye duka! Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyechunguza maegesho kwa miongo mingi, alishauri ada iwekwe kiasi cha kubakiza nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha barabara. Na Old Pasadena, California, mita zilipoingia mwaka 1993, mapato yake yalirudi mtaani humo humo, yakatengeneza njia za miguu na kusafisha barabara. Hivyo ndivyo wenye maduka waliokuwa wakipinga walivyokubali.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: toa gari lako. Mimi huliacha mbali na kutembea dakika nane. Wa pili: toa na la mfanyakazi wako. Mteja akiingia tu, kabla hujamwonyesha kitambaa, muulize, "Umelipia pakingi?" Kama hajalipa, mlipie kwa simu yako, umkate kwenye bei akinunua vya kutosha. Nilipoanza hivyo, watu wa Molo walirudi, na Desemba iliyopita nililazimika kuongeza fundi wa pili wa kushona. Ninajivunia hilo, sifichi.

Wenzangu wafanyabiashara, tuache kulalamika huku matairi yetu yamemkalia mteja kooni. Pakingi ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ada hupangwa kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao lazima wananchi waitwe kuutolea maoni. Twendeni. Tusidai ifutwe, tudai itozwe kwa saa, na sehemu ya pesa irudi kuzibua mitaro yetu. Ukumbi ukiwa mtupu, atakayeamua ni asiyeuza hata kijiko.

Na wewe dada wa viatu, kichukue hicho chumba. Lakini kabla hujalipa kodi ya kwanza, nenda Jumanne asubuhi na Jumamosi mchana, usimame mlangoni na daftari, uandike namba za magari yasiyotoka. Kisha ingia kwa jirani zako, uwasalimie, uwaulize ni ya nani.