Barua kwa mwanangu: kidonge kwa ugonjwa wa mawazo

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Katuba. Tata yako yuko mzima, wadogo zako wanasoma. Ujumbe wako wa juzi niliusoma famasini, nikaurudia usiku baada ya kufunga. Unauliza: kama shida yangu iko kwenye mawazo, kidonge kinachopita tumboni kitaifikia namna gani? Tena unauliza kama utabaki wewe yule yule, na kama utakunywa dawa hii mpaka kufa. Na unasema wenzako wa kikundi cha sala huko Likasi wamekushauri uache dawa, uombe kwanza. Nakujibu kama mama yako, na pia kama mtu ambaye kazi yake ni kuuza dawa.

Uliponieleza mambo ya barabarani nilikuelewa vizuri. Tairi inaingia shimoni, moyo unashtuka, wazo linakuja kwamba umegonga mtu. Unatazama kioo, hakuna kitu. Unageuza gari hadi kwenye lile shimo, unashuka, unamulika majani kwa simu, unapiga magoti kukagua bampa kwa kidole, tone kwa tone la tope, kama kuna damu. Unaondoka. Kabla hujafika peaji, pale pa kulipia barabara, wazo limesharudi: na kama ulimgonga wakati ule ulipokuwa unageuza?

Mwanangu, wewe unajua hujaua mtu. Kujua unajua, ila ile hisia ya kwamba basi, imetosha, haiji. Ugonjwa uko hapo hapo. Waganga wa hospitali wanauita TOC kwa kifupi cha Kifaransa, yaani ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na kumlazimisha mtu kurudia matendo, na wameona katika picha za ubongo sehemu zinazohusika: ile ya mbele juu ya macho, viini vilivyo ndani kabisa, na talamasi, kituo cha katikati kinachopitisha ujumbe, zinazopelekeana ujumbe kwa mzunguko. Kwa mwenye TOC mzunguko huo unachemka kupita kiasi. Wewe dereva utanielewa: taa ya onyo kwenye dashibodi imekwama, mafuta yamo, injini ni nzima, nawe unafungua boneti kila kilomita.

Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipiga picha ubongo wa wagonjwa wa TOC kabla ya matibabu na baada yake. Wengine walipewa fluoksetini, dawa hiyo hiyo unayokunywa. Wengine hawakupewa kidonge, walifanya mazoezi ya kukabili hofu bila kukagua wala kunawa. Kwa waliopata nafuu, kiini kimoja cha ndani upande wa kulia kilipunguza sukari kinayotumia, na ikawa hivyo kwa wa dawa na kwa wa mazoezi pia. Utafiti huo ninaupenda sana, maana ndio jibu la swali lako. Mazoezi ya akili yalibadilisha ubongo, na kidonge kikapunguza mawazo, vyote viwili vikapita mahali pamoja. Kwa hiyo usijione mtu wa imani ndogo kwa sababu unameza kapsuli asubuhi.

Sala usiache. Mimi mwenyewe nakuombea kila siku. Lakini mchungaji mwenye kisukari hunywa dawa yake na kuhubiri, na hakuna anayemwambia achague.

Sasa kuhusu kungoja, na hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu ndipo wengi wanapoachia. Dawa hizi huzuia seli za neva zisirudishe haraka serotonini zinayotoa, kemikali ambayo seli hizo hupelekeana ujumbe kwayo. Kazi hiyo inaanza tangu siku za kwanza, ila ubongo unachukua muda mrefu kujipanga upya. Kwa TOC, huwezi kusema dawa imeshindwa kabla ya majuma 8 hadi 12, na sehemu ya majuma hayo iwe kwenye dozi ya kutosha. Wewe hujamaliza hata mwezi, tena uko kwenye miligramu 20, ambayo ni ya kuanzia. Mwenye ugonjwa wa huzuni inaweza kumtosha. Mwenye TOC mara nyingi hupandishwa 40, 60, hata 80, polepole, na munganga wa hospitali ndiye anayepandisha, si wewe, si mimi.

Kichefuchefu ulichonieleza kwa kawaida hupungua. Usingizi ukikatika, ulizia kama unaweza kuimeza mapema zaidi asubuhi. Hamu ya mambo ya ndoa pia inaweza kupungua. Hilo umwambie munganga bila aibu, hata kama mimi hutaki kuniambia. Jambo moja lakini uniambie saa yoyote: kwa vijana walio chini ya miaka 25, nawe una 24, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni au dozi inapopandishwa. Yakija, usikae peke yako. Nipigie, uende hospitalini usiku huo huo.

Utapona kabisa? Karibu nusu ya wanaokunywa dawa ya kwanza ipasavyo hupata nafuu inayoonekana. Mara nyingi nafuu hiyo ina maana kwamba wazo linakuja bado, lakini halina nguvu ya kukugeuzia gari. Isipofaa, kuna nyingine za jamii hiyo, kama sertralini. Kuna klomipramini, Anafranil, ambayo kampuni ya Geigy ya Uswisi iliitengeneza kwa ajili ya ugonjwa wa huzuni, na mwishoni mwa miaka ya 1960 waganga wa Hispania wakaona inalegeza TOC. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa za lazima kwa ugonjwa huu. Ni dawa nzuri lakini nzito: inakausha mdomo, inafunga tumbo, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ikizidi miligramu 250 kwa siku hatari ya kifafa inapanda. Wengine huongezewa risperidoni au aripiprazoli, dawa za magonjwa mengine ya akili, kidogo juu ya dawa ya kwanza, na kama theluthi yao hufaidika.

Mtu asikubadilishie klomipramini kwa amitriptilini, dawa nyingine ya ugonjwa wa huzuni, eti zinafanana. Zinafanana kwa umbo, lakini kwa TOC amitriptilini haijaonyesha nguvu ya klomipramini. Na diazepamu, dawa ya kutuliza, inatuliza usiku mmoja, kesho wazo liko pale pale, na mwili umeanza kuizoea.

Ulisikia pia kuhusu watu wanaotiwa nyaya za umeme ndani ya ubongo. Ni kweli. Bart Nuttin na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka 1999 kwamba wamefanya hivyo kwa wagonjwa wa TOC, na Marekani iliruhusu kifaa hicho mwaka 2009 kwa wagonjwa ambao dawa na mazoezi vimeshindwa kwao. Wewe hujafika huko, na sioni sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Jambo la kwetu, ambalo huko Ulaya hawalifikirii sana: malaria. Siku munganga akikuhamishia klomipramini, kila infirmiye, yaani muuguzi, anayetaka kukupa Coartem, dawa ya malaria, aambiwe kwanza. Lumefantrini iliyomo inazuia ini kuvunja klomipramini, dawa inajaa mwilini na moyo unaweza kupigwa vibaya. Kwinini, dawa nyingine ya malaria, nayo inagusa moyo. Hata kwa fluoksetini unayokunywa sasa, taja jina lake kabla ya kupokea dawa yoyote. Malaria lazima itibiwe, ila atibu mtu anayejua unakunywa nini. Na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo madereva wanameza kwa ajili ya mgongo, usiiguse. Ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuleta kifafa, au homa, jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Kuhusu kunywa mpaka kufa: wengi huendelea mwaka mmoja au miwili baada ya kupata nafuu, halafu munganga anapunguza kidogo kidogo. Ukikata ghafla, ugonjwa hurudi kwa wengi. Waliofanya na mazoezi hushika vizuri zaidi dawa inapopungua, kwa hiyo nataka uyaanze. Pale kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain hapa Lubumbashi, cha mafreri wa Kikatoliki, ulizia nani anaweza kukuongoza: kupita shimoni bila kugeuza, kukaa na hofu mpaka ishuke yenyewe. Na mimi nina sehemu yangu. Ukinipigia kuniuliza, mama, una hakika sikugonga mtu? sitajibu swali hilo, maana kila jibu linalisha lile wazo. Nitakaa nawe kwenye simu, tutaongea mambo ya nyumbani, hata kama utakasirika.

Usitupe kapsuli zilizobaki. Leo jioni nipigie picha ya kila pakiti uliyo nayo chumbani, pamoja na ile dawa ya mgongo uliyonunua huko, nizione kabla hujameza nyingine.

Mama yako